Siku Enid Aliposhika Usukani wa Marigold

Bega la Enid Clowes lilianza kumsumbua mwezi wa pili, na Pasaka ilipofika hakuweza hata kuvaa koti bila kusaidiwa. Daktari wa mjini Congleton aliuzungusha mkono wake huku na huku, akamkataza kuinua kitu kizito, kusukuma, wala kuzungusha chochote mpaka majani ya miti yaanze kupukutika. Enid akarudi mferejini ameukumbatia ule mkono kama mtoto mchanga, akamkuta mumewe, Wilf, anapaka rangi paa la mashua yao.

"Amesema nini?" Wilf akauliza.

"Amesema nisifungue malango."

Wilf akaacha kupaka, brashi ikabaki inaning'inia mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mashua yangu, iliyofungwa nyuma ya yao, namenya viazi, nikamwona alivyopigwa na butwaa. Angeambiwa mfereji umekauka asingeshtuka vile.

Nilimwelewa. Mfereji wetu hupanda mlima kwa malango. Mashua huingia kwenye chumba cha mawe, milango ikafungwa nyuma yake, vizibo vikafunguliwa kwa hendeli ya chuma, maji yakajaa na kuiinua mashua, kisha milango ya mbele ikafunguliwa na safari ikaendelea. Kazi yote hiyo hufanywa na mtu aliye nchi kavu, na katika mashua nyingi za huku mtu huyo ni mke. Mume hubaki nyuma ya mashua, ameegemea usukani, kikombe cha chai mkononi, anaangalia mawingu.

Enid alizaliwa Congleton hapo hapo, binti wa mfuma riboni. Kwa miaka mingi alisimama barabarani mbele ya shule ya msingi, amevaa koti la njano lililomfika vifundoni, ameshika bango la kusimamisha magari, akiwavusha watoto asubuhi na jioni. Ni mwanamke mfupi, lakini sauti yake ilikuwa ikisimamisha malori ya kokoto. Wilf alikuwa kwenye kiwanda cha vigae huko Stoke, na alipostaafu walinunua Marigold, mashua ndefu nyembamba ya chuma, ya kijani yenye mistari myekundu, wakaanza kuishi majini kuanzia Pasaka mpaka baridi inapoanza kuuma.

Wiki ile ya kwanza kabisa Enid alishika usukani mara moja. Mkono wa usukani ukiusukuma kushoto, mashua inakwenda kulia, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Akaingia nayo moja kwa moja kwenye kichaka cha miiba, akatoka na kiota cha ndege juu ya kofia. Wilf akapiga kelele, tena mbele ya watu. Enid akaruka nchi kavu, akaokota hendeli, akasema, "Endesha mwenyewe hilo karai lako. Mimi natembea."

Akatembea miaka ishirini. Wala hakuwa na kinyongo. Kwenye malango ndiko kwenye watu, na Enid hakuna anachopenda kama watu. Alijua nani kaoza binti, nani kanunua injini mpya, mbwa wa nani kala soseji za nani.

Sasa Wilf alikuwa amesimama na rangi inamchuruzika kwenye kiatu.

"Basi mwaka huu hatupandi malango ya Bosley," akasema. "Tutakaa hapa hapa, tupumzike."

"Tupumzike na nini? Nani amechoka?"

"Nani atafungua malango, Enid?"

"Wewe."

"Na usukani?"

"Mimi."

Wilf akacheka. Akanitazama mimi nicheke naye. Nikainamia viazi vyangu.

"Bata wangu," akasema, maana Wilf ni mtu wa Stoke, na watu wa huko humwita kila mtu bata, awe mchungaji au askari, "bata wangu, unakumbuka kile kiota?"

"Nakumbuka. Na wewe unakumbuka nilikuambia nini kuhusu karai lako?"

Yakaishia hapo. Kwa ndoa ya Enid na Wilf, jambo likiisha namna ile ujue limekwisha pitishwa.

Waliondoka Jumatano moja ya mwezi wa tano. Mashua yangu mimi ilikuwa imepandishwa nchi kavu kupakwa lami chini, kwa hiyo Enid alinialika niende nao. "Njoo, jirani," aliniambia. "Mtu wa kuamua ugomvi hakosi kazi." Hewa ilikuwa imetulia, jua linachungulia, na maua meupe ya miiba yameanguka majini kama unga kwenye meza ya mwokaji. Tulikula kwanza chapati za oti zilizokunjiwa bekoni na jibini, Wilf akafungua kamba, akaja kusimama begani kwa mkewe.

"Ukitaka kulia, sukuma kushoto. Ukitaka kushoto..."

"Najua, Wilf. Nimekuangalia miaka ishirini."

"Kuangalia tu hakutoshi."

"Haya. Nenda mbele kabisa ukaangalie, uone kama kunatosha."

Wilf akachukua kikombe chake, akapita ndani ya mashua mpaka omo, ile ncha ya mbele, akaketi pale kwenye kibao kidogo kati ya vyungu vya maua. Kutoka omo mpaka kwenye usukani kuna urefu wa basi na nusu, na injini iko miguuni pa mwenye usukani, hivyo alichokuwa akikipigia kelele Wilf kule mbele hakikufika. Enid aliweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa, akatabasamu. Ikabidi mimi niwe tarishi, napita ndani, jikoni, chumbani, narudi.

"Mwambie anakwenda karibu mno na ukingo," Wilf akaniagiza.

Nikaenda, nikamwambia.

"Mwambie ukingo haujahama tangu mwaka jana," Enid akasema.

Nikarudi, nikamwambia.

"Mwambie apunguze mwendo."

"Mwambie tumepitwa na mwanamke mwenye kigari cha mtoto."

Ilikuwa kweli. Yule mama alikuwa akitembea kwenye njia ya farasi, ile njia ya kando ya maji ambayo zamani farasi walipita wakivuta mashua za makaa, na alikuwa ametuacha.

Kwenye kona ya pili Enid alikata mapema, na Marigold ikapanda juu ya tope na kukwama, imelala kidogo upande mmoja. Uso wa Wilf uling'aa. Akavua kofia, akachomoa pondo kutoka juu ya paa kwa madaha, akaichomeka kwenye tope, akaanza kusukuma, anahema na kutabasamu kwa pamoja.

"Si nilisema?" akaita. "Si nilisema, jirani? Wewe shahidi!"

Safari hii Enid alimsikia, maana alikuwa amezima injini. "Ulikwama hapa hapa mwaka juzi," akasema kwa upole. "Tukasukumwa na wavuvi. Mmoja alikuwa na mguu wa bandia."

"Mwaka juzi maji yalikuwa machache."

"Ndiyo, mpenzi. Machache sana. Sukuma."

Baada ya hapo mkono wake ulitulia. Nilikaa naye nyuma kwa muda, nikaona alivyokuwa akijifunza. Mashua hizi hazigeukii mbele kama gari. Hugeukia katikati, na anayeendesha lazima aamue kabla haja haijafika, kisha angoje. Mwanzoni alikuwa akisukuma usukani kwa nguvu, akijirekebisha, akijirekebisha tena. Halafu akaacha kupigana nao. Aliuweka ubavuni, chini ya ule mkono mzima, akawa anauegemea kidogo tu, kama mtu anayemsogeza ng'ombe mpole.

"Jirani," akaniambia polepole, kama anayetoa siri, "hii kazi ni tamu kiasi hiki, na mtu alikuwa akishuka jioni ananiambia amechoka?"

Kwenye daraja la mawe karibu na Buglawton tulikutana na mashua nyingine inatoka upande wa pili, na chini ya daraja hapapiti mbili. Wilf alisimama kule omo, mikono hewani, kikombe kikamwagika. Enid hakutafuta honi. Aliinua kiganja chake kizima, wazi, juu, akatoa ile sauti ya malori: "Ngoja hapo!"

Mwenye mashua ile, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaifungia breki mashua isiyo na breki. Injini yake ikapiga kelele kurudi nyuma mpaka maji yakatoka povu. Tukapita. "Asante, mwanangu," Enid akamwambia, na yule mzee wa watu akaitikia, "Naam, mama," kisha akabaki anashangaa kwa nini amesema hivyo.

Ni baada ya daraja hilo, kwenye kipande kilichonyooka chenye malisho kulia na ukuta wa mawe kushoto, ndipo Wilf alipopiga ukelele ambao hata injini haikuufunika.

"Kondoo! Enid, kondoo majini!"

Alikuwa kondoo jike, bado hajanyolewa. Manyoya yake yalikuwa yamenywa maji mpaka yakawa yanamvuta chini; kichwa tu ndicho kilichoonekana, pua juu, macho yamemtoka. Upande wa malisho ukingo umezungushiwa mabamba ya chuma, marefu kiasi cha goti la mtu juu ya maji, na alikuwa akijaribu kupandisha kwato zake pale, zinateleza, anazama, anaibuka. Juu yake wana-kondoo wawili walikuwa wakikimbia mbele na nyuma wakilia kwa sauti ya kupasua moyo.

Enid aliiweka injini huru ili panga la kusukumia mashua, lililo chini ya maji kule nyuma, lisizunguke, akaiacha Marigold iteleze yenyewe. Tukasikia ukimya, na pumzi ya yule mnyama. Omo ilifika ubavuni pake taratibu, bila kumbana kwenye chuma. Wilf akalala kifudifudi kati ya vyungu vya maua, akamkamata manyoya ya shingoni kwa mikono miwili. Mimi nikakimbia ndani, nikatokea mbele na kamba, tukafaulu kuipitisha nyuma ya miguu yake ya mbele.

"Moja, mbili, vuta!"

Tulivuta. Hakutoka hata kidogo. Kondoo aliyelowa ni sawa na gunia la saruji, tena gunia linalopiga mateke.

"Atazama mikononi mwetu huyu," Wilf akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Jirani, nenda ukamwambie Enid..." Nadhani ilimjia wakati ule kwamba hakuwa na la kumwambia.

Enid ndiye aliyesema, tena safari hii Wilf alimsikia vizuri. "Wilf! Usimvute! Mshike kichwa tu, kiwe juu ya maji. Kuna pale wanapokunywa ng'ombe, nyuma yetu, kabla ya ule mti ulioanguka. Ukingo ni mchanga mtupu. Nawapeleka."

"Nyuma?" Wilf akasema. "Enid, nyuma haiendi! Hata mimi siwezi..."

"Mshike kichwa!"

Anayezijua mashua hizi ataelewa hofu ya Wilf. Zikirudi nyuma usukani hauna kazi. Sehemu ya nyuma hujiendea itakako, na omo hutangatanga kama mlevi. Kugeuza hakukuwezekana, maana Marigold ni ndefu kuliko mfereji ulivyo mpana. Lakini kurudi nyuma kulikuwa na heri moja: panga lingekuwa mbali naye, na mnyama angefuata kwenye omo kama jahazi dogo lililofungwa kamba.

Enid hakuwa na haraka. Aliipa injini nguvu kidogo, akaiachia. Kidogo tena, akaiachia. Nyuma ilipoanza kuelekea ukutani, aliisogeza mbele kwa pumzi moja ili ijinyooshe, kisha akarudi tena. "Jirani, chukua pondo," akaniita. "Isukume omo itoke ukutani. Taratibu. Hapo. Acha." Wilf alikuwa amelala vile vile, shavu lake limegusana na la yule kondoo, anamnong'oneza: "Tulia, bata wangu. Tulia, mama. Mama mkubwa anatupeleka." Wana-kondoo walitufuata ukingoni wakilia. Mwendo wa dakika chache za kutembea tuliufanya kwa muda ambao birika lingechemka, likapoa, likachemka tena.

Tulipofika pale penye mchanga, Enid aliipeleka omo kandokando mpaka ikagusa chini. Kondoo akahisi ardhi chini ya kwato. Akajikaza, akaruka, na Wilf, ambaye hakuwa amemwachia, akaenda naye. Akatua majini mpaka kiunoni, kofia ikaelea. Kondoo akapanda ukingo kwa miguu inayotetemeka, akasimama, akajitikisa mwili mzima, na maji yote ya mfereji aliyoyabeba yakamrudia Wilf usoni. Wale watoto wakamwingia chini ya tumbo, mikia inacheza, wakaanza kunyonya pale pale kana kwamba hakuna lililotokea.

Wakati huo tukasikia pikipiki ya magurudumu manne ikishuka kilimani. Mwenye malisho alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Gwen Lomas, mabuti mpaka magotini, mbwa mweusi kampakia nyuma. Alizima pikipiki, akamtazama kondoo, akamtazama Wilf aliyekuwa bado majini.

"Ni huyo huyo," akasema. "Kila mwaka lazima awe mmoja, na kila mwaka ni huyo huyo. Anadhani majani ya ng'ambo ni matamu. Ng'ambo kuna ukuta! Mjinga wewe!" Kondoo hakumjali. Kisha Gwen akatikisa kichwa. "Nimewaona toka kule juu, nikashuka mbio nikijua nitakuta mzoga. Nikaona mashua inarudi nyuma kwenye kipande kile kama inavutwa na uzi. Nimekulia kando ya mfereji huu, sijaona mtu akifanya hivyo. Ni nahodha gani aliyekuwa kwenye usukani? Wewe?"

Wilf alikuwa akikamua kofia. Angeweza kukohoa, au kulaumu tope, au kugeuza mazungumzo. Namjua, ni hodari wa hayo yote. Akasimama wima, maji yanamtoka mifukoni.

"Mke wangu," akasema. "Ndiyo siku yake ya kwanza."

Gwen akapiga mluzi. Enid, kule nyuma, akajitia hamnazo, akashughulika na kufuta mkono wa usukani kwa kitambaa, lakini masikio yake yalikuwa yamegeuka mekundu.

Tulipewa mayai, na kipande kikubwa cha jibini ya nyumbani, na Gwen akakaa nasi kwa kikombe cha chai na keki ya matunda huku mbwa wake akiwachunga wale watatu kuwarudisha kundini. Shida pekee ilikuwa ya Wilf. Suruali yake nyingine ilikuwa imebaki kwenye kamba ya kuanikia huko tulikotoka. Yangu haikumpita mapajani. Baada ya majadiliano marefu akatoka ndani amevaa suruali ya Enid ya bustanini, ya rangi ya waridi, yenye maua, imemkomea chini kidogo ya magoti.

"Neno moja tu," akasema. "Atakayesema neno moja tu..."

Hatukusema hata nusu.

Ndivyo alivyofika kwenye malango ya Bosley, kumi na mawili yaliyopangana mlimani, na ndivyo alivyokutana na watu ambao amekuwa akipita mbele yao kwa miaka ishirini. Wa kwanza alikuwa Percy, mzee wa kujitolea anayewasaidia wasafiri kwenye lango la chini.

"Enid yuko wapi?" Percy akauliza, uso umejaa wasiwasi.

"Yule pale. Anaendesha."

Percy akapumua. "Nilidhani kuna msiba. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Wilf. Mume wake."

Percy akamkazia macho, kisha akayashusha mpaka kwenye maua. "Aaa! Wewe ndiye yule mtu wa nyuma mwenye kikombe! Sikukutambua una miguu."

Mimi na Wilf tuligawana kazi. Lango la kwanza alilisukuma kwa mikono, na uso ukawa mwekundu. Chini, ndani ya chumba cha mawe, Enid alikuwa ameiingiza Marigold bila kugusa ukuta, nafasi ya vidole viwili kila upande, na sasa alikuwa akipanda polepole pamoja na maji, kwanza kofia yake, kisha miwani, kisha kikombe.

"Una shida gani huko, Wilf?" akauliza kichwa chake kilipofika usawa wa viatu vya mumewe.

"Hakuna shida."

"Mbona unahema?"

"Napumua. Watu hupumua, Enid."

Kwenye lango la nne mashua moja ilikuwa ikishuka, na mke wa mashua hiyo, mwanamke mnene mchangamfu aliyefunga kitambaa kichwani, alikuja na hendeli yake kiunoni. Alimtazama Wilf akipambana na boriti ya mlango, lile gogo refu la kuusukumia.

"Mzee, si hivyo. Utakufa kabla ya saa ya chai. Geuka. Sukuma kwa makalio, sio kwa mikono. Rudi nyuma nayo. Enhee! Unaona?"

Mlango ukafunguka kama umepakwa mafuta. Wilf akatazama boriti, akatazama makalio yake yenye maua.

"Miaka ishirini," akasema polepole, "nilikuwa nadhani Enid amekaa anapumzika."

Yule mwanamke akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwona Enid anavyoingia, ameegemea usukani, anakula keki. Akageuka kuitazama mashua yake mwenyewe, ambako mwanamume mrefu alikuwa ameegemea usukani, anakula keki.

"Godfrey!" akaita. "Godfrey, hebu shuka hapo mara moja, kuna kitu nataka kukuonyesha."

Sikupata kujua yule Godfrey alionyeshwa nini, lakini tulipokuwa lango la sita niligeuka nikamwona yuko nchi kavu, hendeli mkononi, anaitazama kama mtu aliyepewa samaki hai.

Tulipotoka kwenye lango la mwisho jua lilikuwa limeanza kulegea, na mlima ule tuuitao Cloud umejaa rangi ya asali upande mmoja. Enid akaisogeza Marigold kwenye nyasi, Wilf akapigilia vigingi na kufunga kamba, akatuambia anakwenda ndani kunawa. Hakurudi. Tulimkuta amelala kwenye benchi la jikoni, mdomo wazi, na suruali ile ile. Enid akamfunika kwa blanketi, akatengeneza mayai ya Gwen kwa siagi na vitunguu, tukala nje, miguu inaning'inia juu ya maji. Aliupumzisha ule mkono mbovu kwenye mto, akanieleza kwamba jambo lililomfurahisha kuliko yote ya siku ile halikuwa kondoo. Lilikuwa ule mtetemo wa injini unaopanda kwenye nyayo.

"Nilikuwa nausikia kwa mbali tu nikiwa njiani," akasema. "Sikujua unafika mpaka kwenye meno."

Bega lilipona kabla ya mwezi wa kumi. Daktari akamwambia sasa anaweza kusukuma chochote anachotaka, na Enid akamshukuru sana, akaja moja kwa moja mferejini kushika usukani. Ubishi ulikuwepo, Wilf si mtu wa kuachia jambo kimya kimya, na kwa wiki kadhaa walipokezana, yeye siku moja, mkewe siku moja. Lakini siku zake Wilf zilianza kupungua bila mtu kumlazimisha. Kwanza alisema kiuno chake kinataka mazoezi. Halafu akasema kuna jamaa wa Percy ameahidi kumwonyesha jinsi ya kurekebisha kizibo. Halafu akaacha kutoa sababu.

Amekuwa ndiye anayejua nani kaoza binti na nani kanunua injini mpya. Tatizo lake ni kwamba hana kipimo. Enid alikuwa akipiga soga huku mikono inafanya kazi. Wilf akianza hadithi, hendeli inatulia, vizibo vinatulia, na mashua zinapanga foleni juu na chini zikimngoja afike mwisho. Mwezi uliopita nilikuwa wa tatu kwenye foleni hiyo. Nilimwona amekaa juu ya boriti, ameshika kiwiko cha kijana mmoja mgeni, anamweleza siku mkewe aliporudisha mashua nyuma kumwokoa kondoo, na kwa hesabu yake sasa kondoo walikuwa watatu na kulikuwa na upepo mkali.

Enid alikuwa chini ndani ya chumba cha mawe na Marigold, anangoja maji.

"Wilf," akaita, bila kuudhika. "Mpenzi, nifungulie basi nipande nami nisikie imekuwaje."